Boti Niliyoipaka Rangi Kiraka Kikiwa Kibichi

Kosa ni langu mimi. Nalisema mwanzoni kabisa ili nisije nikasikia mtu ananitetea. Wanaonitetea wapo wengi, nami nimejificha nyuma yao mwaka wa pili sasa. Basi, nimechoka!

Mimi ni fundi wa kunyoosha bodi za magari na kupaka rangi, hapa Lushoto mjini. Dada yangu anayenifuata aliolewa na Elia, mvuvi wa kijiji kimoja cha ujamaa huko chini nyikani, penye bwawa. Kijiji kilipewa boti ya faiba, kuukuu, imepasuka ubavuni, rangi imebanduka yote. Wakaniomba niitengeneze, maana kwao boti na gari ni bodi tu. Nikakubali kwa majivuno, wala sikuwahi kuishika faiba maishani mwangu!

Elia alinisihi nishuke niifanyie kazi kule kule kijijini. Alikuwa ameuliza mafundi wa pwani, wakamwambia gundi ya faiba inataka joto na jua ndipo ishike. Nikamcheka. Mimi mtu wa milimani nikalale na mbu wa nyikani kwa ajili ya kiraka? Nikasema waniletee boti huku juu. Wakaipakia kwenye lori, ikapanda kona zote zile hadi karakana yangu. Na ulikuwa mwezi wa saba, ukungu hauondoki hata saa sita mchana!

Nilipiga msasa, nikakata kitambaa cha faiba, nikachanganya gundi na dawa yake ya kuigandisha, nikabandika. Siku ya tatu nikagusa, kidole kikanata. Nikasogeza majiko ya mkaa. Wapi! Juu kulifanya ngozi, ndani mbichi kama ugali ulioepuliwa kabla ya wakati.

Ilipaswa kukwanguliwa yote na kuanza upya, chini kwenye jua. Nilijua hivyo, msidhani sikujua. Lakini kulikuwa na mgeni mkubwa anakuja kuizindua, na mwenyekiti wa kijiji alikuwa akituma mtu kila siku kuuliza. Tena kushuka kungekuwa kukubali kwamba Elia alisema kweli, na hilo ndilo lililonishinda. Nikapaka bluu mara mbili, nikapiga na mstari mweupe. Ikang'aa! Siku ya uzinduzi nikapigiwa makofi na kukalishwa mbele pamoja na wakubwa.

Haikumaliza mwezi. Kiraka kilifunguka katikati ya bwawa. Mashine ya boti ikazama pamoja na nyavu za kijiji kizima. Elia aliogelea hadi ukingoni akimvuta mwenzake ambaye hakujua kuogelea.

Mkutano ukaitwa, darasani. Mwenyekiti akadai Elia aliiburuta boti kwenye mawe kwa uzembe. Wengine wakasema hiyo ni hujuma, na neno hilo siku hizi si la mchezo. Nikaitwa kama fundi. Dada yangu alikaa mstari wa mbele, mtoto mgongoni, ananitazama mimi tu.

"Fundi, boti ilitoka kwako ikiwa nzima?" mwenyekiti akauliza.

"Ilitoka nzima," nikasema.

Elia hakufungua mdomo. Akaondolewa kwenye uvuvi, na wanawe wakaanza kuitwa watoto wa mhujumu. Mwisho akaihamisha familia, akaenda kukata mkonge.

Siku ya kuondoka alipanda mpaka kwangu kuniaga. Akanipa mkono kwa heshima kama siku zote. Nikamuuliza mbona alinyamaza pale mkutanoni.

"Shemeji," akaniambia, "siku ile tunapakia boti kuirudisha kijijini niliona kiraka kinabonyea. Nikakuuliza, ukasema ni rangi tu haijakauka, nikakuamini. Kilipofunguka nikajua, ila wewe ni kaka wa mke wangu. Ningekuvuaje nguo mbele ya watu, naye amekaa pale?"

Akashuka zake. Mimi nikarudi karakanani. Jamani, nikarudi kazini!

Tangu hapo dada hajakanyaga kwangu. Mama anamwulizia kila Jumapili baada ya ibada, nami namdanganya kwamba huko kwenye mkonge kazi ni nyingi.

Juzi nikamwendea mwenyekiti kumweleza ukweli. Akanionya nisifukue, jambo limekwisha. Mke wangu anasema wateja watanikimbia. Rafiki zangu wanasema ni ukungu ule, ni haraka ya wakubwa, ni nyakati tu. Sitaki! Ukungu haukushika brashi. Mgeni mkubwa hakunituma niseme uongo darasani. Waniachie kosa langu nilibebe mwenyewe. Jumamosi kijiji kina mkutano, nami nashuka, niitwe nisiitwe. Wakitaka kuniita mhujumu, waniite. Wakinitoa nje nitasemea mlangoni!

Nanyi mafundi wenzangu, na yeyote anayepaka rangi juu ya kitu anachojua hakijashika, kwangueni leo. Mtachekwa siku mbili tatu, basi. Kuna mtu ataingia majini kwa sababu tu amekuamini.

Jina langu mhariri wa gazeti hili amelificha, nami nimemwachia mpaka hiyo Jumamosi. La shemeji yangu nimemwomba aliache kama lilivyo. Anaitwa Elia, na boti hakuiharibu yeye.