Utani wa Maji na Udongo

Wakubwa walituleta Uluguru tufanye kazi kwa pamoja. Ndivyo walivyotuambia pale Morogoro mjini kabla hatujapanda mlima: mtaalamu wa udongo, wa maji na wa mimea watafute kwa pamoja namna ya kuiokoa miteremko ile isiliwe na mvua. Pamoja gani? Walikula meza moja, ni kweli, lakini mazungumzo yao yalikuwa ya uwindaji na habari za kwao. Kazi kila mmoja aliifungia hemani mwake.

Mimi nilikuwa msaidizi wa maji, nikipima mvua na vijito. Msaidizi wa udongo alikuwa Mluguru wa kijiji kilekile tulichopigia kambi, nami ni Mnyamwezi, kwa hiyo tulikuwa watani tangu kabla hatujazaliwa. Aliniita mpagazi, nikamwita mbuzi wa milimani, na jioni tukala ugali sahani moja. Kwenye sahani hiyo ndiko maji na udongo vilikokutana, si kwingine.

Yeye ndiye aliyeniambia kuwa katika shamba la mama yake udongo ni mwembamba, umelalia mwamba laini. Mimi nilijua kwamba upande ule hupata mvua nyingi kuliko kote nilikopima. Bwana wake, yule mtaalamu wa udongo, alikwisha amua kuwa matuta ya ngazi yaanzie shamba hilohilo, liwe mfano kwa kijiji kizima. Sasa, matuta huzuia maji yasikimbie, yasipokimbia huzama, yakizama juu ya mwamba wa namna ile, shamba huteleza. Nilipoyaunganisha hayo niliogopa. Shamba lile mama alilirithi kwa mama yake, kama ilivyo desturi ya Waluguru, na hakuwa na jingine.

Nikasema. Hilo najisifia hadi leo, na halinisaidii kitu. Nilisema kwa lugha niliyoizoea kwao.

"Mama," nilimwambia mbele ya wachimbaji wa matuta, "masika hii shamba lako litashuka lenyewe mjini kununua chumvi."

Wakacheka wote. Mama akanijibu, "Likishuka, libebe wewe. Si ndiyo kazi yenu Wanyamwezi?"

Jioni nikamweleza mwenzangu bila mzaha. Akanitazama, akacheka tena. "Mnyamwezi akikosa mzigo hubeba maneno." Nikaapa, lakini watani nao huapa. Nikaenda kwa bwana wangu. Akasema udongo si kazi yetu, na si adabu kumwingilia mwenzake.

Masika ilipokolea, shamba liliondoka asubuhi moja na migomba yake, likaishia kijitoni. Hakufa mtu. Wataalamu walikunja mahema, kila mmoja na ripoti yake. Mama akahamia kwa mdogo wake Kingolwira, akalima kipande cha kuazima, yeye aliyekuwa akiwagawia wengine ardhi. Naumia kila nikikumbuka.

Alipofariki, miaka baadaye, habari zilinikuta Kilosa, nikapanda treni. Msibani mtani ana kazi yake, kuwachekesha wafiwa. Njiani nilikwisha tunga yangu: nitashuka kaburini kabla ya maiti, nigome kutoka mpaka nipewe jogoo. Mwenzangu aliponiona alisimama, akanipokea kwa mikono miwili.

"Karibu, bwana. Pole kwa safari," akasema, kisha akaagiza niletewe kiti.

Mtani kuitwa bwana! Nilingoja anitukane, hakunitukana. Nikaelewa kwamba tangu shamba lile liondoke hawezi tena kusikia mzaha kinywani mwangu. Nikakaa na wageni. Kaburini alishuka Mnyamwezi mwingine, mfanyakazi wa reli, akadai jogoo, na rafiki yangu akacheka mpaka akafuta machozi.