Nyumba ya Shangazi Kwenye Kadibodi

Majirani wote walimwita Injinia, ingawa alikuwa ameshawaeleza mara nyingi kwamba anakwenda kusomea usanifu wa majengo, na kwamba uinjinia ni kitu kingine. "Sawa, Injinia," walimjibu. Alikuwa binti wa fundi cherehani, na wiki ile kabla chuo hakijafunguliwa nilimpelekea mama yake begi langu la safari, zipu imeng'oka. Mtu asiyetulia mahali kama mimi, mafundi wa zipu ndio ndugu zake.

Fundi alishonea chumbani mlemle walimoishi. Cherehani ilikaa mlangoni kufuata mwanga, meza ya kukatia ikakaa katikati, na nyuma yake pazia la maua likaficha nusu ya kitanda. Wakati wa kulala meza iliegemezwa ukutani, godoro la binti likatandikwa pale ilipokuwa imesimama. Bati lilikuwa na tundu karibu na kichwa cha kitanda, na chini ya tundu lilikaa beseni la bluu, mvua iwepo isiwepo. Lilikuwa limekaa sana hata likawa samani.

Siku hiyo juu ya meza palikuwa na kitu kilichofunikwa kwa kitambaa.

"Hapo usiguse, mgeni wangu," Fundi aliniambia, akijitahidi asitabasamu sana. "Ni kazi ya chuo. Wanaoanza wote wanatakiwa wapeleke mchoro wa nyumba wanayoishi, waipime kwa mikono yao, na mfano wake wa kadibodi. Kila mmoja atasimama mbele ya wenzake aieleze nyumba yake."

"Umeshauona?"

"Ananinyima, eti haujakamilika. Wala sijui amepima saa ngapi, maana futi hii hainitoki shingoni."

Binti alikuwa kwenye pembe ya chumba akipanga nguo kwenye sanduku. Nikaona mikono yake imesimama.

Basi hodi ikapigwa na mtu akaingia kabla hajakaribishwa. Alikuwa shangazi wa binti, dada wa marehemu baba yake, mwenye nyumba ya vigae upande wa pili wa barabara.

"Wifi, hujambo? Gauni langu tayari? Halafu niambie, huyu mwanao anataka kuniuzia nyumba nini? Juzi kaja kunisalimia, nikafurahi, leo nimekumbukwa. Mara kapima sebule, kapima varanda, kanitoa mpaka chooni apime choo! Nikasema makubwa, udalali umeingia kwenye ukoo."

Nikacheka. Kisha nikagundua nacheka peke yangu.

Shangazi naye hakuwa mtu wa kungoja. Alishika ncha ya kitambaa akakifunua. Ilikuwa nyumba nzuri kweli: varanda, sebule, vyumba vitatu, na vizibo vya chupa vilivyopangwa mbele kama vyungu vya maua.

"Ehe, ndiyo hiyohiyo! Hata maua yangu hakuyasahau!"

Fundi aliinama. Alichungulia dirisha la kadibodi, akahamia la pili, kama mtu anayemtafuta mtu ndani. Aliponyanyuka sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Nilimtuma mimi, wifi. Nilimwambia humu hamna cha kupima, aende kwako."

Hakunitazama. Nilijua si kweli, naye alijua kwamba najua. Nikainamia kamba za viatu vyangu, ambazo hazikuwa na tatizo lolote.

"Wakiisifu waambie ni ya shangazi yako," Shangazi akasema, akachukua gauni lake akaenda zake, amefurahi.

Fundi akarudi kwenye cherehani.

"Mama, mimi nili..."

"Ngoja nimalize begi la watu."

Akashona kipande kirefu. Kisha, macho yakiwa kwenye sindano: "Hao wenzako, nyumba zao ni za ghorofa?"

"Sijui, mama."

"Hujui. Lakini umeshawaogopa."

Binti akasimama pale, shingo imelegea. Halafu akaja nyuma ya mama yake, akaivua futi taratibu shingoni mwake.

"Nishikie upande huu. Tuanze na ukuta wa mlango."

Fundi aliinuka, lakini hakwenda mlangoni. Alikwenda nyuma ya pazia. Akanyoosha shuka. Akashusha nguo zilizotundikwa kwenye msumari. Kisha akainama, akalisukuma beseni la bluu chini ya kitanda hadi lisionekane.

Binti alikuwa amemtazama muda wote huo. Mwanzo uso wake ulikuwa wa mtu aliyefumaniwa tu. Sasa ulibadilika, nikatamani ningekuwa nje.

"Mama, rudisha beseni."

"La nini? Watu wa chuo walitazame?"

"Linakaa pale."

"Watakucheka, mwanangu."

Nadhani binti alikuwa amejiambia maneno hayohayo alipokuwa akivuka barabara kwenda kwa shangazi yake. Akapiga magoti, akalivuta beseni, akaliweka chini ya tundu lake. Akalipima upana, akaandika.

Begi langu lilikuwa tayari. Futi ilikuwa imenyooshwa mlangoni, ukuta hadi ukuta, kwa hiyo niliomba radhi nikainama kupita chini yake. Fundi alikuwa ameibana ncha kwa kidole gumba, ametazama ukuta, ametugeuzia mgongo sote wawili.