Birika la Dawa ya Chango

Sisi tuliokulia Mkunazini zama zile hatukuhitaji kuambiwa kuwa leo Bi Mgeni anapika dawa. Pua zilitwambia tangu tuko chuoni, misahafu hatujaifunga. Bi Mgeni ni bibi yangu mzaa mama, na dawa yake ilikuwa ya chango la wanawake: mizizi ya mkwamba, uwatu na mvuje, vikichemshwa mpaka paka wa mtaa wakahama. Kwake yeye kila kitu chango. Hedhi inauma? Chango. Mimba haishiki? Chango. Unalia bila ya kupigwa, mume humtaki? Chango, mwanangu, kunywa. Wanaume, masha Allah, hawakuumbiwa maradhi.

Mama yangu mdogo, Zuwena, alikuwa kaolewa Malindi ya hapa hapa Unguja, mwaka wa sita na hana mtoto. Mama mkwe wake keshasema: Ramadhani ikiingia tumbo tupu, mwanangu Himidi anaoa mke wa pili. Basi kila Ijumaa natumwa kwao na birika la dawa, limefungwa kanga, na sharti la bibi ni moja tu: "Mchukua dawa hasemi mpaka mgonjwa anywe. Ukifungua mdomo ushaiharibu." Napita Kiponda wazee wananitazama, shikamoo imenikwama kooni, naonekana sina adabu.

Ijumaa moja nikamkuta Himidi mwenyewe mlangoni, katoka msikitini na kiu yake.

"Ala! Mama mkwe kanikumbuka kwa chai ya tangawizi!"

Akalipokea birika. Mimi natikisa kichwa, nalivuta, napiga miguu chini; yeye anacheka, anadhani nataka peremende. Nikisema, dawa inaharibika, na mama mdogo analetewa mke mwenza kwa mdomo wangu. Nikanyamaza. Akanywa kikombe kizima, macho yakamtoka, akamimina cha pili kwa adabu tu, maana chai ya mama mkwe haitemwi.

Yarabi! Alikimbilia chooni kanzu mkononi, akakaa huko mpaka alasiri. Alipotoka, rangi imempotea.

"Zuwena, hii ndiyo unayokunywa?"

"Kila Ijumaa."

"Miaka yote hii?"

Mama mdogo akaanza kulia, na siku ile hakuna aliyesema ni chango. Himidi akabadilisha kanzu, akenda kwa mamake, akamwambia kuwa mke wa pili hamtaki, na mimi akanituma kwa bibi kusema dawa isiletwe tena.

Mtoto hawakupata. Wamezeeka wawili, wanagombania redio.

Mabinti wa leo dawa ya chango wanaiagiza kwa WhatsApp. Inakuja kwenye kopo la kupendeza, inanukia waridi, na juu yake maneno matamu utadhani kadi ya harusi. Mvuje wakiunusa watazimia! Mimi lakini naikumbuka harufu ile, wallahi, hata ikinitia kichefuchefu.

Mke wa mwanangu naye analo kopo, mwaka wa tatu huu. Juzi nilikwenda kwao, mtaa wa Amani, nikamkuta anameza huku kafumba macho. Nikamwambia mwanangu, "Na wewe onja basi." Akacheka, macho kwenye simu: "Mama, hayo mambo ya kike."

Nilirudi nyumbani nimenuna. Himidi hakunywa kwa wema wowote siku ile, alikuwa na kiu tu. Huyu nimemzaa mimi, nimemlea mimi, na kuonja uchungu wa mkewe sikumfundisha.