Pumzi ya Karugendo

Kila asubuhi, kabla hajapewa ufunguo wa pikapu, Karugendo alipanda ngazi za duka pale Bukoba mjini na kumpulizia Mama Navnit usoni. Mtu mzima na mvi zake, kinywa wazi kama mtoto anayekaguliwa meno! Padma, maana ndilo jina la huyo mama, alifumba macho, akanusa. Akikosa harufu ya pombe, alifungua fundo la sari yake na kutoa ufunguo. Akiipata, Karugendo angerudi kwao Rwamishenye kwa miguu na kazi imekwisha.

Aliyataka mwenyewe. Udereva alijifunza wakati wa vita, akibeba magunia ya jeshi kuelekea mpakani, na kunywa akajifunza huko huko. Mwaka wa themanini na tano alipindua pikapu kwenye kona moja ya Muleba, kalewa chakari, na Navnit, mwana pekee wa Padma, akavunjika mguu ambao haukurudi sawa. Hakimu akamnyang'anya leseni mwaka mzima. Alipoipata tena hakuna aliyemtaka ila Padma, naye kwa masharti: pumzi kwanza, ufunguo baadaye. Tena kahawa marufuku. Siku ile ya ajali Karugendo alikuwa ametafuna punje za kahawa kuficha harufu ya rubisi, pombe ya ndizi, na Padma, akinusa kahawa tupu, akamkabidhi mwanawe. Hilo hakulisamehe.

Tangu hapo Karugendo hakugusa tone, na Padma hakumwamini hata siku moja. Akicheka sana, anaitwa apulize tena. Alipokonda kidogo, na miaka ile kila aliyekonda alitazamwa, Padma akawa anarudi nyuma hatua moja akishamnusa. Karugendo hakujua anaogopewa pombe au ugonjwa. Ilimuuma sana.

Ndipo kaka yake Datius akafa Nshamba, kwa ugonjwa huo huo. Karugendo alikwenda kuzika kwa basi, akakataa rubisi msibani, watu wakanong'ona. Alfajiri alipoaga, Klaudia, mjane, naye kabaki mifupa, akaleta kisahani cha akamwani, kahawa ya kutafuna anayopewa mgeni. Akatafuna punje moja yeye kwanza, kama ilivyo ada, mgeni aone haina sumu. Kisahani kilikuwa kimejaa vilevile tangu jana. Watu wote waliogopa mkono wake.

"Na wewe, shemeji?" akauliza.

Angekataaje? Akatia punje tatu kinywani. Akamwahidi kurudi siku hiyo hiyo na pikapu ampeleke hospitali, kwa kuwa makondakta walikwisha kumkataa.

Dukani Bukoba, Padma alinusa mara moja tu. "Kahawa," akasema.

Karugendo akaeleza: msiba, ada, kisahani, mgonjwa anayesubiri mlangoni. Yote yalikuwa kweli, na yote yalisikika kama maneno ya mlevi. Siku ya ajali aliapa hivyo hivyo. Alijichukia mpaka machozi yakamlenga.

"Basi ufunguo usinipe," akasema. "Twende ukainuse huko huko."

Padma alimkazia macho, akimtafuta uongo usoni. Kisha akamwita Navnit aendeshe, na mguu wake mbovu hivyo hivyo. Karugendo alipanda nyuma kama gunia, akifikiri njia nzima kwamba wanamtafutia tu ushahidi wa kumfukuza.

Klaudia alikuwa mlangoni kweli, kanga imefungwa, akingoja. Alipoona wageni, aliingia akatoka na kisahani kile kile. Akatafuna ya kwake, akakisogeza. Majirani waliacha majembe wakatazama. Padma aliitazama mikono ile kwa muda mrefu, na Karugendo akainamisha kichwa, asione ikikataliwa.

Padma alichukua punje. Akatafuna, akakunja uso kwa uchungu wake, akameza. Kisha akamwita Karugendo karibu na kumpulizia yeye usoni.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hiyo, Mama Navnit."

Akamnusa tena, taratibu. Akamwambia Navnit ashuke na ampe Karugendo ufunguo. Klaudia akakaa mbele, Padma pembeni yake, Navnit nyuma, na safari ya hospitali ikaanza.

Kesho yake asubuhi Karugendo alipanda zile ngazi, akafungua kinywa, akapuliza. Padma alifumba macho, akanusa, kama siku zote. Lakini hakurudi nyuma.