Mgeni wa Kibali Kijijini Kwetu

Kura yangu ya kwanza maishani niliipiga Uingereza, ndani ya ukumbi wa kanisa, na wakati huo sikuwa raia wa nchi ile. Sheria yao inamruhusu mtu aliyetoka nchi ya Jumuiya ya Madola, akishapata ruhusa ya kukaa, apige kura kama wenyeji. Mimi nilikuwa na pasi ya Tanzania mfukoni na bado nikapewa karatasi na penseli. Nilitoka pale nimenyoosha mgongo.

Leo nina pasi ya Uingereza, naishi Pemba nilikozaliwa, na kura sina. Siwezi hata kusimama mkutanoni nikasema mashine ya barafu iwekwe wapi. Kazi ya mashine za barafu ndiyo kazi yangu.

Niseme nilivyo, maana watu wanapenda kunieleza wao. Niliondoka kijijini kwetu, pwani ya mashariki ukipita Vitongoji, nikiwa kijana wa begi moja. Hakuna mjomba wala shangazi aliyenipokea. Nilianza kwa kufagia sakafu ya kiwanda cha samaki. Mchana nikifagia, jioni nikisoma, mpaka nikachukua diploma ya ufundi wa majokofu na mitambo ya baridi, katika darasa ambalo wengi wa waliolianza hawakulimaliza. Nilifika kuwa msimamizi wa mafundi, Waingereza watupu, na nilipoondoka walinifanyia karamu. Nimerudi nimejenga nyumba ya vigae ambayo watu wa Tibirinzi huja kuitazama kabla ya kujenga zao. Hayo hakunipa mtu.

Lakini nilichukua uraia wa kule, na sheria ya huku haikubali mtu kuwa na nchi mbili. Kuna maneno siku hizi ya hadhi maalumu kwa sisi tuliozaliwa hapa, na hata hiyo, nilivyoielewa mimi, haina kura. Basi nakaa kwa kibali. Kikikaribia kwisha naenda Uhamiaji, na Uhamiaji kabla ya lolote wanataka barua ya sheha, mkuu wa serikali hapa kijijini, kwamba ananijua na mwenendo wangu ni mzuri. Sheha wetu nilisoma naye chuo. Nilikhitimu Kurani kabla yake.

Kule Uingereza, nilipokuwa nikigawa vikaratasi vya mgombea udiwani kwa sababu gari la taka lilikuwa linaruka mtaa wetu, mzee mmoja jirani aliniuliza mlangoni kwake, bila ukali, kama kwetu mgeni anaruhusiwa kujiingiza hivi. Nilimjibu kwa fahari kwamba kwetu mgeni analishwa na anasikilizwa. Aliguna akachukua kikaratasi. Sijui kama alikisoma. Gari la taka lilirudi.

Sasa nije kwenye diko letu, pale ngalawa zinapoegeshwa na samaki kunadiwa. Kipindi cha kampeni mgombea mmoja aliahidi mashine ya barafu na chumba cha baridi. Akashinda, na kinyume cha mazoea ahadi ikaja. Kilipigwa kigingi pale pale dikoni, kwenye mchanga, hatua chache kutoka pale maji ya kila siku yanapoishia yakijaa. Mimi nilikiona kigingi kile nikasisimka mwili. Bamvua kubwa, yale maji makuu ya mwezi mpevu, inapojaa, bahari hufika pale. Mashine ya barafu ikiingia maji ya chumvi kwenye kompresa, ambayo ndiyo moyo wake, ndiyo basi tena. Dawa yake ni nyepesi: msingi uinuliwe hadi kiunoni, mashine ikae hapo hapo karibu na samaki na karibu na umeme mkubwa wa fezi tatu unaopita barabara ya pwani. Fundi yeyote mwenye cheti angesema hivyo.

Aliyenisukuma kusema ni mtoto wa mjomba wangu, mvuvi, ambaye hakumpigia kura mgombea yule na halifichi jambo hilo. Tulikuwa mkutanoni, uwanja wa mpira, sheha mbele na wageni kutoka wilayani. Akanigonga kwa kiwiko. "Sema, Injinia. Weye ndiye msomi wetu."

Nikasimama. Nilisema kwa ufasaha, na sioni haya kusema hivyo, kwa sababu nimezoea kusimama mbele ya mafundi. Nilisema kwamba maji yanafika pale, kwamba mkijenga hivi mtaizika mashine kabla ya mwaka kwisha. Nilikuwa sijafika kwenye msingi wa kiunoni, upande mmoja wakaanza kupiga makofi na upande wa pili wakaanza kuguna. Binamu yangu akawa wa kwanza kupiga makofi. Sikupata tena kumaliza. Kufika Isha sauti yangu ilikuwa imo kwenye simu za watu mpaka Tumbe, imekatwa pale penye maneno "mtaizika mashine", na chini yake mtu ameandika kwamba hata Mwingereza ameukataa mradi.

Kwa hiyo nilikuwa Mwingereza. Wale waliopiga makofi waliniita hivyo ili maneno yangu yawe na uzito, na wale walioguna waliniita hivyo ili yasiwe nao.

Kinachonichoma zaidi ni hiki. Upande wa kaskazini kuna bibi mmoja wa Kizungu mwenye nyumba ya wageni. Huja mikutanoni na mkalimani wake, anatufundisha tujenge vyoo wapi, tusivue wapi, na akimaliza anapewa kiti cha mbele na dafu. Hakuna aliyemwambia kwamba anaingilia siasa. Yule anaitwa mtaalamu. Mimi niliyekula muhogo wa mwambao huu na kusoma kwa jasho langu, mimi ndiye naitwa mgeni.

Zamu ya barua ilipofika nilikwenda kwa sheha. Alinipokea vizuri, akaulizia hali ya mama, hali ya nyumba, hali ya mgongo wangu, akaagiza chai. Barua hakuigusa.

"Weye tunakupenda, Injinia," alisema. "Lakini weye mgeni. Mgeni hakosoi upishi wa mwenyeji."

Nikamwambia kitovu changu kimezikwa nyuma ya jiko la mama yangu, na yeye anapajua.

"Napajua. Lakini Uhamiaji hawaulizi kitovu." Akanywa chai. "Kutakuwa na mkutano mwingine, wa kumaliza maneno haya ya mashine. Hudhuria. Kaa kimya mpaka mwisho, watu wakuone umekaa kimya. Baada ya mkutano njoo uchukue barua yako."

Nilimwuliza kama kusema maji ya bahari yanafika wapi ni siasa. Akacheka, akaniambia kwamba nimekaa mbali sana. Huku, alisema, hata mtu akichagua duka la kununulia chumvi, watu wanajua yuko upande gani.

Nilikasirika njia nzima. Sikukasirika kwa kuwa hakuwa na hoja. Wazee wetu waliwahi kususiana maziko kwa ajili ya vyama, na mimi nakumbuka nyumba ambayo hatukupeleka sahani ya futari. Namwelewa mtu anayeogopa kidomo cha mtu mwenye pasi ya nchi nyingine, ambaye moto ukiwaka atapanda ndege awaachie moshi. Hilo nalikubali. Nani atawale, wachague wanaobaki. Lakini mimi nabaki. Kuna kaburi nimeshalionyesha kwa ndugu zangu. Na samaki wanaooza dikoni nawala mimi pia.

Mama hakutaka hoja zangu. Yeye ni mtu mzima sana, macho yamepungua, na mimi ndiye mwana pekee aliye karibu naye. Alisema maneno machache. "Nyamaza upate kukaa. Mie sitaki tena kusikia sauti yako kwenye simu." Alipoona uso wangu haukubali, akaongeza, "Hayo ya mashine nambie mie. Mie nna kura. N'tasema mie."

Nilimweleza jioni ile ukumbini, yeye akichambua mchele. Nilimweleza vizuri, kama nilivyokuwa nikiwaeleza vijana wangu kiwandani: maji, chumvi, kompresa, msingi hadi kiunoni. Alikuwa akiitikia. "Nshafahamu," akasema, na kuutia mchele kwenye sufuria.

Siku ya mkutano alivaa kanga mpya juu ya buibui. Mimi nilikaa mkekani na wanaume, binamu ubavuni mwangu. Sheha aliniona nimekaa, akainamisha kichwa kidogo, kama mwalimu anayehesabu wanafunzi. Walisema watu wengi, wa upande huu na upande ule, na kila mmoja alianza kwa kusema yeye hana chama. Kisha mama akainua mkono.

Watu walimgeukia. Wanamheshimu, nusu ya uwanja ule amewakanda mama zao walipojifungua. Alisema kwamba yeye ni mtu wa hapa, mama yake wa hapa, na kwamba utotoni aliona bahari ikichukua banda la nyavu pale pale penye kigingi, na kufikia asubuhi hapakubaki hata nguzo. Nilijikuta natabasamu. Hilo la banda hakuwahi kuniambia, na lilikuwa zuri kuliko kompresa zangu zote.

"Basi," akasema, "mashine isikae pwani kabisa. Ipelekwe kule kilimani, kwenye skuli. Kiwanja kikavu, hakuna bahari, hakuna ugomvi."

Tabasamu likanikauka. Kilimani kwenye skuli umeme ni ule wa taa na feni. Mashine ile haitazunguka hata siku moja bila kuvutiwa laini mpya, na laini mpya haikuwamo kwenye mradi. Na hata ikizunguka, wavuvi wapandishe samaki mlima mzima kwa baiskeli na kuteremsha barafu juani. Nilihitaji sentensi moja tu. Mama, si kuhamisha, ni kuinua msingi. Ningeisema nimekaa.

Nilikwisha kuweka mkono chini nijiinue. Binamu akanishika goti, yule yule wa siku ile.

"Kaa," akaninong'oneza. "Ukisimama leo, unarudishwa Uingereza."

"Umeme haupo kule," nikamwambia. "Simama useme wewe."

"Nikisimama mie watasema nampinga mgombea wao. Mama yako kashasema, na wote wamependa. Kaa."

Ni kweli wote walipenda. Ndilo jambo lililonitia uchungu. Waliotaka mradi walibaki na mradi wao, waliosema maji yanafika walipata ushindi wao, na hakuna upande ulioaibika. Hapakuwa na mtu uwanjani mwenye sababu ya kuuliza habari za nyaya. Mtu wa wilayani aliandika, sheha akashukuru, ikasomwa dua. Mimi nikaitikia amina pamoja nao.

Barua niliipata pale pale. Sheha alikuwa ameshaipiga muhuri. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili akasema, "Leo umekaa vizuri," na nina hakika alikuwa na maana ya kunisifu.

Tulirudi kwa miguu, mama amenishika mkono. Njiani kulikuwa na karafuu zimeanikwa ukingoni, tukazunguka tusizikanyage. Alikuwa na furaha ambayo sijaiona kwake tangu nirudi. Kila aliyepita alimsalimia akamwambia, Bi Mkubwa, leo umemaliza maneno. Tulipofika penye kivuli akaniuliza, "Nshasema sawa?"

Mimi si mtu wa kudanganya katika kazi. Nikamwambia alisema vizuri sana, ila mahali pale hapafai, kwa sababu umeme wa kuendesha mashine haufiki kilimani. Nilichotaka ni msingi uinuliwe tu.

Alisimama. "Mbona hukusema pale pale?"

Nikaitia barua mfukoni. Nadhani alijijibu mwenyewe, kwa sababu mkono wake ulilegea kidogo kwenye mkono wangu. Kisha akageuka kurudi. Akasema anakwenda kumwambia sheha kwamba amekosea, hajachelewa, watu bado wako uwanjani.

Nikamzuia. Nilimwambia akirudi sasa hivi, baada ya kutembea na mimi, kila mtu atajua ni maneno ya nani, na sheha atajua kuliko wote. Barua ninayo lakini kibali bado, na simu moja kutoka kwake kwenda Uhamiaji inatosha. Nikamwomba asubiri kitoke.

Yeye ana kura. Hajawahi kutoka nje ya visiwa hivi. Hakuna anayeweza kumwambia yeye ni mgeni, na aliyemziba mdomo katikati ya njia ya kijiji chake ni mimi.

Alinitazama kwa macho yake yale yasiyoona vizuri. "Haya," akasema. "Tusubiri hicho kibali chako."

Hakijatoka bado. Kila nikienda Uhamiaji, Chake Chake, wananiambia nirudi wiki ijayo. Kule kilimani wameshamwaga zege.