Thangavelu na Tepu za Mionzi

Vijana wa idara ya kompyuta walimwita Thangavelu mlinzi wa makaburi. Kazi yake katika hospitali ya saratani mjini Madurai, kusini mwa India, miaka ishirini na mitatu sasa, ilikuwa kutunza tepu. Kila jioni kumbukumbu za wagonjwa zilinakiliwa kwenye tepu mbili za sumaku. Moja aliifungia kabatini ghorofa ya chini, nyingine aliipeleka jengo la ng'ambo ya barabara, ili moto au mafuriko yasije yakameza zote. Hakuna aliyemshukuru. Mtunza akiba hukumbukwa siku ya njaa, na hospitali ile ilikuwa haijaona njaa.

Mwaka uliotangulia, kompyuta kuukuu ya idara ya mionzi ilichoka. Vijana wakaigeuza kompyuta pepe, yaani kompyuta isiyo na mwili wake, inayoishi ndani ya seva kubwa pamoja na wenzake kumi na wawili, kama wapangaji katika nyumba moja. Ila mashine ya kusomea tepu za zamani za idara hiyo ni chuma, na chuma hakigeuki pepe. Wakaichomoa, wakaiacha pembeni. Thangavelu aliuliza itakuwaje siku tepu za zamani zikihitajika, wakamwambia siku hiyo haiji. Laiti wangemsikiliza wakati ule, maana kiburi cha kijana anayejua kitu kimoja hakina dawa.

Siku ilikuja, tena siku ya Ayudha Puja, sikukuu ya Kihindu ambapo kila chombo cha kazi hupumzika. Mabasi hupakwa sandali, rojo la mti unaonukia, cherehani huvikwa maua, na mtu hagusi nyundo yake mpaka kesho yake. Baba yake Thangavelu alikuwa mfumaji, na siku hiyo hata mnunuzi aje akilia, kitanda cha kufumia nguo hakikuguswa. Mwana alishika desturi hiyo kwa mikono miwili. Asubuhi ile alioga, akaipaka ile mashine ya tepu iliyoachwa pembeni sandali na kumkumu, ule unga mwekundu wa ibada, akaivika maua ya manjano na kuiwashia kafuri.

Kabla ya saa sita Daktari Sivagami wa idara ya mionzi alishuka mwenyewe. Alieleza haraka. Kayalvizhi, mwalimu wa miaka ishirini na saba, aliwahi kuchomwa mionzi hapo hapo akiwa na miaka kumi na mitano, kwa uvimbe ulioota kando ya uti wa mgongo. Uvimbe umerudi, na tangu jana miguu imekuwa mizito. Inabidi mionzi ianze kesho asubuhi. Lakini uti hausahau. Ulichokula zamani bado kinahesabika, na ukizidishiwa, miguu inakufa moja kwa moja. Faili la karatasi lililiwa na mchwa, na wagonjwa wa miaka ile walishafutwa kwenye kompyuta ili kupata nafasi. Kipimo cha mionzi aliyopewa kimebaki kwenye tepu tu.

Thangavelu akasema ataiwasha mashine alfajiri.

"Kaka, alfajiri ndiyo namlaza mezani," alisema daktari. "Bila kipimo nitakuwa nachoma gizani."

Lisilobudi hutendwa. Thangavelu aliunganisha viganja mbele ya mashine, akaiomba radhi, akavua yale maua. Mkuu wa idara ya kompyuta alikuwa kijijini kwao, akamwongoza kwa simu. Kadi ya mashine ya tepu, kibao cha kuiunganisha na kompyuta, ikachomekwa kwenye seva kubwa. Seva ikaamriwa isiiguse kadi hiyo, imwachie mpangaji mmoja tu, ile kompyuta pepe ya mionzi. Hapo ikabidi seva izimwe na kuwashwa upya, wapangaji wote walale, na Thangavelu akapanda ngazi kuomba maabara na famasia wavumilie. Ilipoamka, kompyuta pepe haikuona kitu. Mkuu akakumbuka kwamba mpangaji anayekabidhiwa kadi lazima atengewe kumbukumbu yake yote ya kufanyia kazi mapema, asigawane na wenzake. Wakamtengea. Safari hii jina la mashine likatokea kwenye kioo cha kompyuta, na Thangavelu akahisi machozi yakimlengalenga.

Akaingiza tepu ya kabatini, ya miaka kumi na miwili iliyopita. Mashine ilikoroma, ikakwama. Alipoitoa, utepe ulikuwa umekunjamana na kuchanika.

Akafungua kifuniko. Ndani kulikuwa kwekundu. Kumkumu ya miaka ishirini na mitatu, aliyoipaka mdomoni mwa mashine kwa kidole chake mwenyewe kila Ayudha Puja, ilikuwa imegandamana kwenye magurudumu na kwenye jicho la kusomea. Aliona aibu ambayo kijana yeyote wa idara asingeweza kumtia. Hakumwambia mtu. Alisafisha kwa pamba na spiriti mpaka pamba ikatoka nyeupe, kisha akavuka barabara kuchukua nakala ya pili. Nakala ya tatu haikuwepo.

Ilisomeka. Daktari Sivagami akasogea kwenye kioo, akasoma, akasoma tena, akaketi.

"Umejaa," alisema. "Uti wake umeshakula mionzi yote unayoweza kuibeba."

"Sasa tumesaidia nini, daktari?"

"Umemwokoa kutoka mkononi mwangu. Nilikuwa nimeshaandika kipimo kizima." Akatoa simu. "Nawaita wapasuaji. Ila sikudanganyi, njia hiyo ni nyembamba."

Akapanda kwa ngazi ya nyuma, simu sikioni. Thangavelu alikuwa bado anapangusa vidole wakati mlango ulipogongwa. Alikuwa Ponnuthai, mama yake Kayalvizhi, na mkononi alishika bakuli la sundal, dengu zilizochemshwa na kutiwa nazi. Wauguzi walikuwa wamempa habari nusu.

"Kaka, wameniambia umevunja ibada yako kwa ajili ya mwanangu," alisema. "Mungu hatakuhesabia kosa. Kumbukumbu zake za zamani zimepatikana, kwa hiyo kesho wanaanza, sivyo?"

Miaka yote hiyo Thangavelu hakuwahi kuzungumza na mgonjwa wala jamaa wa mgonjwa. Angeweza kusema muulize daktari, na hakuna ambaye angemlaumu. Alipokea bakuli kwa mikono miwili, akaliweka mezani.

"Hawaanzi, dada. Kaa kwanza."

Akamvutia kiti chake, akamweleza yote kama alivyoyasikia, bila kupunguza. Ponnuthai alisikiliza bila kulia. Mwishoni aliuliza mwanawe atatembea mpaka lini, na hilo halikuwamo kwenye tepu.