Pigo Lisilo na Mpigaji

Besi kubwa ya nyuzi imeshapita nusu mlangoni. Shemeji yake Kishindo, kaka wa mkewe, ameikumbatia kama mgonjwa, anarudi kinyumenyume kuelekea ngazini, na hataki kusaidiwa.

"Shemeji, kesho tuna onyesho," anasema Kishindo, bado ameketi nyuma ya ngoma zake.

"Kesho una onyesho wewe na huyo mwenzako."

Hakuna anayeuliza mwenzake yupi.

Chumba hiki, juu ya karakana ya makochi, ndimo bendi ya jazi ya Kishindo inamofanyia mazoezi. Vumbi la mbao hupanda hadi kwenye matoazi. Asubuhi kiongozi huyu wa bendi huwamba makochi huko chini. Alasiri hupanda kutunga. Muziki wake wote hutoka katika tenzi za kale. Mkewe, ambaye ndiye mwimbaji, hughani ubeti, naye huufuata kwa brashi za waya juu ya ngoma ndogo: kila silabi, pigo moja.

"Washairi wa zamani walikuwa wapiga ngoma," anasema. "Ila ngoma zenyewe hawakuwa nazo."

Utenzi wa safari hii ni wa mjane anayemngoja mume aliyekwisha kuzikwa. Mke wa Kishindo aliurithi kwa mama yake, aliyeujua wote kwa moyo. Lakini mama huyo, kila akifika mjane anaposikia hodi, aliruka silabi moja. Alinyamaza, akainamisha kichwa, kisha akaendelea. Akiulizwa, jibu lake lilikuwa, "Hapo pana mwenyewe." Alifariki bila kuongeza neno.

Kishindo akaliacha pengo lile lile katika muziki. Bendi nzima inanyamaza kwa muda wa pigo moja, halafu twende mbele.

Tatizo ni kwamba pengo limeanza kulia.

Mwanzoni kila mtu alimshuku mwenzake. Mpiga tarumbeta akatukanwa bure. Leo Kishindo ameweka vijiti sakafuni, akanyanyua miguu yote miwili mbali na pedali, akamwambia mkewe aghani. Walipofika penye hodi, ngoma kubwa ya mguu ikalia: du! Ngozi yake ikatetemeka mbele ya macho yao. Hapo ndipo shemeji alipoanza kufunga besi yake.

"Ni mama yule," anasema sasa kutoka mlangoni.

"Mama mkwe alinikataza hata kugonga meza nyumbani kwake," Kishindo anajibu. "Leo aje kunipigia ngoma bure?"

Mkewe hacheki. "Ukumbi mwingine hatupati, baba watoto. Na ndugu mwingine sina."

Shemeji anatoa sharti: Kishindo alipige pengo lile yeye mwenyewe, kwa nguvu, ili kama kuna mwingine anayepiga, asisikike.

Kishindo anaikodolea ngoma macho. Kwake, pengo lile ndilo muziki; mengine yote ni njia ya kulifikia.

"Haya," anasema hatimaye. "Nitapiga."

Besi inarudi ndani.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Penye hodi, Kishindo alikanyaga pedali kwa nguvu zake zote. Waliokaa mbele waliiona nyundo ya pedali ikigonga ngozi. Hakuna aliyesikia kitu.

"Ilikuwa kama kupiga godoro," anasema Kishindo sasa. "Hapana. Godoro hulia."

Watu walisimama wakashangilia, wakidhani ndivyo ilivyotungwa.

Shemeji alipiga hadi noti ya mwisho, kisha akahamia bendi ya harusi. Mpiga tarumbeta bado anadai kuombwa radhi. Mke wa Kishindo anaimba kama kawaida, ila ubeti ule huuruka. Ngoma ya mguu ipo chini karakanani, imefunikwa kitambaa cha makochi, na fundi mwenzake Kishindo ameomba ihamishwe. Kishindo anatunga sehemu ya pili ya utenzi huo, kwa brashi tu, na anatafuta mpiga besi ambaye hakumjua mama mkwe.